Karatasi ya Juu

Tamsin Bloor aliandika jina lake juu ya karatasi ya hesabu, akaandika namba yake ya mtihani, akaweka kalamu chini, kisha akainuka na kutoka ukumbini. Ilikuwa Novemba, na mtihani wenyewe ulikuwa wa majaribio tu, lakini wanafunzi mia na themanini walimwona akipita katikati ya madawati kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Msimamizi alimwita mara mbili. Hakugeuka.

Saa moja baadaye baba yake, Clive, aliitwa kwenye simu kiwandani. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja katika kiwanda kile cha vigae, hapa Stoke, Uingereza, na muda wote huo shule haikuwahi kumpigia. Alikwenda vilevile alivyokuwa, na viatu vya kazi, vumbi jeupe limemganda mpaka kwenye nyusi.

"Mizigo inapitia mlango wa nyuma," karani wa mapokezi alimwambia bila kuinua uso.

"Sikuleta mzigo. Nimeitwa. Mimi ni baba yake Tamsin Bloor."

"Ooh! Samahani sana, baba. Karibu ukae."

Clive alikitazama kiti cha kitambaa cha buluu, akaitazama suruali yake, akasema atasimama tu.

Naibu mkuu wa shule, Bwana Hulme, alimpokea ofisini akiwa na kompyuta mbele yake na saa ukutani ambayo aliitazama kila baada ya sentensi mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wanafunzi wengi. Alieleza kwamba Tamsin hajajibu swali hata moja, kwamba sasa yuko salama kwa muuguzi wa shule anakunywa maji, na kwamba shule inaona ni vyema ahamishiwe karatasi ya chini ya hesabu.

"Itampunguzia presha," alisema. "Wazazi wengi hukubali. Ni sahihi tu hapa, na hapa. Una swali, Bwana Bloor?"

Clive alikuwa na maswali tele, na kila moja lilikuwa la aina ambayo mtu wa miaka hamsini anaona aibu kuuliza mbele ya mtu aliyevaa tai. Karatasi ya chini ni nini? Chini ya nini?

"Sina," alisema, akatia sahihi, hapa na hapa. Kidole gumba chake kiliacha alama nyeupe pembeni mwa fomu. Alijaribu kuifuta, ikazidi kuenea.

*

"Umetia sahihi?" Tamsin aliuliza jioni ile, amesimama mlangoni mwa jiko. "Baba, niambie unanitania."

"Walisema itakupunguzia presha."

"Karatasi ya chini mwisho wake ni daraja la tano! Nikipata kila swali, kila moja, nisikosee hata nukta, wananipa tano. Tisa iko juu, nane iko juu, sita iko juu. Chuo wanataka sita!"

"Tano si nzuri?"

"Nzuri kwa nani?" Sauti yake ilipasuka. "Si nilishawaambia nataka kusomea mambo ya eksirei? Si walinipa nafasi kwa masharti, na barua tukaisoma wote hapa mezani? Hukuuliza hata kitu kimoja?"



Paula, mama yake Tamsin, aliingia wakati huo huo, bado amevaa sare ya kituo cha wazee anakofanya kazi. "Mbona kelele zinafika barabarani?"

"Muulize mumeo," Tamsin alisema, akapanda ngazi. Mlango wa chumba chake ulifungwa taratibu, na utaratibu ule ulimuumiza Clive kuliko kama angeubamiza.

Kesho yake Tamsin hakwenda shule. Wala keshokutwa. Alisema tumbo, akasema kichwa, halafu akaacha kusema chochote. Paula alimwachia chakula nje ya mlango, akamwomba, akamfokea, akamwomba tena. Siku ya sita ghadhabu zake zilimhamia mume.

"Ungenipigia simu kabla ya kutia sahihi."

"Ulikuwa kazini."

"Na wewe ulikuwa sokoni? Mtu anakuletea fomu ya maisha ya mtoto, unatia sahihi kama unapokea kifurushi!"

"Niliona haya, Paula." Ilimtoka kabla hajaizuia. "Nimesimama pale na vumbi, yule bwana anatazama saa. Niliona haya kuuliza. Basi."

Paula alivuta kiti, akakaa, akavua viatu vyake vya kazi kimoja kimoja. "Alhamisi kuna mkutano wa wazazi wa wanaofanya mtihani wa mwisho, GCSE," alisema mwishowe. "Mimi nina zamu. Utakwenda wewe. Na safari hii uone haya ya kunyamaza."

*

Ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa na makoti yao, mvua ikinyesha nje, kila mmoja na kijitabu chenye rangi nne mapajani. Bwana Hulme alionyesha picha ukutani: majedwali, mishale, tarehe, tovuti za marudio. Clive aliona maneno yakipita kama treni isiyosimama kituoni kwake. Alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe, na bado alijihisi ana vumbi.

"Kuna swali?" Bwana Hulme aliuliza, na mkono wake tayari ulikuwa unafunga kompyuta.

Clive aliinua mkono. Hakuwa ameuinua ndani ya shule tangu akiwa na miaka kumi na tano.

"Hii karatasi ya juu na karatasi ya chini," alisema, akasikia sauti yake ikigonga dari. "Tofauti yake ni nini? Kwa sababu mimi nimetia sahihi na sijui nilichotia."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Clive alihisi shingo inawaka, akaanza kujuta, halafu mwanamke mwenye mtoto mgongoni safu ya tatu akasema kwa nguvu, "Afadhali umeuliza wewe! Mimi nimekuja mikutano miwili na naitikia kwa kichwa tu." Watu wakacheka. Mzee mmoja akadakia, "Na hizi namba, tisa ndiyo ya juu au moja? Enzi zetu zilikuwa herufi." Sasa mikono ilikuwa inainuka kila upande.

Aliyejibu hakuwa Bwana Hulme. Mwanamke mfupi aliyevaa ushungi wa kijani aliinuka kutoka safu ya walimu, akachukua kalamu, akaliacha jedwali lote ukutani na kuchora ngazi mbili kwenye ubao. Alikuwa Bi Anjum, mwalimu wa hesabu na mlezi wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mtoto wa mji huu huu, na alipofungua mdomo aliongea kama majirani zake Clive.

"Ngazi hii fupi. Unaanza moja, unafika tano, unagonga dari. Hii ndefu, inafika tisa, lakini haina vidato vya chini. Ukiteleza huku ukashuka chini ya tatu, unaanguka mpaka sakafuni. Hupewi kitu. Kwa hiyo fupi ni salama zaidi, na ndefu inakupeleka mbali zaidi. Wazazi wanapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kupewa kalamu." Hakumtazama Bwana Hulme aliposema hivyo, ila Bwana Hulme alitazama viatu vyake.

Baada ya mkutano Bi Anjum alimfuata Clive mlangoni. "Wewe ni baba yake Tamsin. Majina hayapelekwi bodi ya mitihani mpaka Februari. Fomu ni karatasi tu, inaweza kuchanwa. Tatizo langu si fomu. Tatizo langu ni kwamba sijamwona mtoto siku tisa. Naweza kuja nyumbani?"

"Hatatoka chumbani, mwalimu."

"Sikuomba atoke. Nimeomba nije."

*

Alikuja Jumamosi saa nne asubuhi. Clive alikuwa amepika chapati za unga wa oti, chakula cha mji huu, kama anavyofanya kila Jumamosi, na alipomwona mgeni mlangoni alikimbia kuondoa nyama ya nguruwe kikaangoni kana kwamba ni bunduki.

"Hii ni ya jibini tupu," alisema akimpa sahani. "Kikaango kingine kabisa. Naapa."

"Nakuamini," Bi Anjum alisema, akacheka. Akachukua sahani yake, akapanda ngazi, akakaa kwenye kidato cha juu kabisa, mgongo ukiegemea mlango wa Tamsin. Clive na Paula walibaki chini, wakijifanya wanapanga viatu.

"Tamsin, ni mimi. Sijaja kukupeleka shule. Nakula chapati ya baba yako, na nasema wazi, ukichelewa hutaikuta."

Akala tonge moja, akaendelea.

"Nataka kuuliza jambo moja tu. Siku ile ukumbini, nini kilitokea? Wenzangu wanadhani ulikuwa hujasoma. Mimi nimesahihisha madaftari yako miaka miwili. Najua ulikuwa umesoma."

Kule chini, Paula alishika mkono wa Clive. Kisha sauti ikaja, karibu sana na mlango, kana kwamba Tamsin naye alikuwa amekaa sakafuni upande wa pili.

"Moyo ulianza kunipiga masikioni. Namba zikawa zinatembea kama sisimizi. Nikashindwa kuvuta pumzi. Nilijua nakufa, mwalimu. Nikafikiri nikifia hapa, mbele ya watu wote hawa, itakuwa aibu. Nikaona nitoke nikafie nje."

Paula alijiziba mdomo.

"Na hukumwambia mtu?" Bi Anjum aliuliza.

"Niseme nini? Kwamba nimeogopa karatasi?"

"Sema hivyo hivyo. Mwaka jana walisema hivyo wanafunzi kumi na mmoja. Mwaka juzi tisa. Tuna chumba kidogo kando ya maktaba, madawati sita, dirisha linafunguka. Unakaa karibu na mlango. Unapewa kadi. Ukiiweka mezani unatoka, unavuta pumzi, saa yako inasimamishwa, unarudi. Hakuna anayekuuliza. Na kuna mama mmoja anakuja Jumanne, kazi yake ni kufundisha watu namna ya kupumua wakati mwili unapowadanganya kwamba wanakufa. Ningekwambia haya mapema kama ningejua. Kosa la kutojua ni letu, si lako."

Baada ya muda ufunguo uligeuka. Tamsin alichungulia, nywele zimesimama, macho yamevimba.

"Imebaki chapati?" aliuliza.

*

Alirudi kwa vipande. Siku ya kwanza kipindi kimoja, biolojia, halafu nyumbani. Wiki ya pili nusu siku. Bi Anjum alimpigia Paula kila Ijumaa, hata zile Ijumaa ambazo hakukuwa na lolote la kusema zaidi ya "amekuja, amecheka mara moja."

Kila Jumatano baada ya masomo maktaba iliachwa wazi, na tangu Januari tangazo lilisema wazazi nao wanakaribishwa. Clive alikwenda wiki ya kwanza kwa ajili ya kumsindikiza, ya pili kwa ajili ya biskuti, na ya tatu akakuta amevuta karatasi ya mazoezi upande wake. Swali lilihusu ukuta wa bafu na vigae vya pembetatu.

"Mia moja na arobaini na nne," alisema.

"Umeangalia majibu nyuma," Tamsin alimshutumu.

"Nimeangalia ukuta. Hapa kichwani."

"Onyesha hatua, Baba. Bila hatua hupati alama zote."

"Hatua gani? Jibu si hilo?"

"Ndiyo wanavyotaka."

"Basi wanataka ujinga," Clive alisema, na meza nzima ikacheka. Lakini alichukua kalamu, akaandika hatua, ulimi ukiwa nje kama mtoto wa chekechea, na binti yake akamsahihisha kwa wino mwekundu. Alimpa alama tatu kati ya nne. Clive aliibishia ile moja mpaka nyumbani.

Februari ilipofika, Tamsin alikuwa amefanya majaribio mengine ya karatasi ya juu katika chumba kile kidogo. Alitoka mara mbili, akarudi mara mbili. Alipata tano, tena kwa tabu. Wazazi wakaitwa tena ofisini kwa Bwana Hulme, na safari hii Bi Anjum alikuwapo, na Tamsin mwenyewe.

"Mimi naogopa," Paula alisema kabla mtu hajauliza. "Nimekuwa nikimwokota huyu mtoto tangu Novemba. Ile fupi, tano anayo mkononi. Hii ndefu akianguka, nani atamwokota? Wewe, Clive?"

"Mama, mimi nipo hapa," Tamsin alisema.

"Najua upo, ndiyo maana nasema."

Bwana Hulme alivuta fomu mpya, akaisukuma mezani, halafu akasita na kuirudisha kidogo upande wake. "Kabla ya sahihi," alisema, akigeuza kiti chake mgongo ukaelekea saa, "naomba nieleze yote mawili. Mkinikatiza nitafurahi." Akaeleza, polepole, na Paula akamkatiza mara nne. Bi Anjum alisema waziwazi kwamba sita itakuwa ngumu na kwamba hatarajii aanguke kabisa. Hakuongeza sukari.

Clive alimgeukia binti yake. "Nilikusainia bila kukuuliza. Leo nakuuliza. Unataka ipi?"

Tamsin aliivuta fomu mbele yake. "Nikichukua ya chini nitajiuliza maisha yangu yote. Nataka ya juu. Na nikianguka nataka msiseme, si tulikwambia."

"Sitasema," Paula alisema, machozi yakimtoka bila ruhusa. "Nitafikiri, lakini sitasema."

*

Karatasi zilikuwa tatu, moja Mei na mbili Juni. Ya kwanza Tamsin alitoka chumbani amepauka, akasema hajui, wasimuulize. Ya pili aliweka kadi mezani katikati ya swali la kumi na nne. Akatoka, akakaa sakafuni nje ya maktaba, mgongo ukutani, akihesabu pumzi kama alivyofundishwa, na Bi Anjum akakaa upande wa pili wa korido akisahihisha madaftari bila kumtazama. Dakika tisa. Kisha Tamsin akainuka, akajipangusa sketi, akarudi ndani. Bi Anjum alisimulia baadaye kwamba alikuwa ameshika daftari juu chini muda wote huo.

Ya tatu Tamsin alitoka na tabasamu dogo. "Kulikuwa na swali la vigae," alimwambia baba yake getini.

"Ulionyesha hatua?"

"Zote."

*

Matokeo yalitoka Alhamisi moja ya Agosti, asubuhi yenye jua. Clive aliomba ruhusa kazini. Paula hakupata wa kumshikia zamu. Bahasha zilipangwa kwenye meza za chakula, na walimu walisimama kando wakijaribu kutotazama nyuso za watu.

Tamsin alifungua yake uani, karibu na ukuta. Biolojia, saba. Kemia, sita. Kiingereza, sita. Akateremsha kidole.

"Tano," alisema. "Hesabu nimepata tano, Baba."

Clive alimshika bega. Bi Anjum alikuwa amekwishafika, na karatasi yake mwenyewe yenye alama za kila swali. "Umeikosa sita kwa alama nne," alisema. "Nne tu. Sasa sikiliza. Leo chuo wanapokea simu mpaka saa kumi. Namba hii hapa. Chumba changu kiko wazi, lakini naona hapa kuna hewa."

Clive alinyoosha mkono kuichukua simu ya binti yake. Angewaeleza, angewaambia mtoto amepitia nini, angewaomba. Bi Anjum alimshika mkono wa shati. "Mwache," alisema kwa sauti ya chini. "Wanayemtaka ni yeye."

Tamsin alibonyeza namba. Alisogea hatua tano mbali nao, kidole kimoja kimeziba sikio.

"Habari za asubuhi. Naitwa Tamsin Bloor, nina nafasi ya masharti kwenu, biolojia na kemia... Ndiyo. Hesabu nimepata tano. Ndiyo, najua mlitaka sita... Karatasi ya juu. Alama nne." Alisikiliza. Shingo yake ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. "Hapana, sipigi kuomba mnionee huruma. Napiga kuuliza, ili mnichukue nifanye nini?"

Uani watoto wengine walikuwa wanakumbatiana, mmoja analia kando ya pipa, mama mmoja anapiga picha. Clive aliona mgongo wa binti yake ukipanda na kushuka, taratibu, ukihesabu.

"Naweza," Tamsin alisema. "Ndiyo. Naweza hiyo pia. Asante. Asante sana."

Akageuka. "Wananichukua. Biolojia imewatosha. Ila nina darasa la ziada la hesabu kila wiki mpaka Krismasi, na nikikosa mawili wananitoa."

"Utakosa?" Clive aliuliza.

"Baba!"

Bi Anjum alijifanya ameona mtu upande wa pili wa uwanja, akaondoka haraka, akijifuta pua kwa ncha ya ushungi.

Tamsin alikuwa tayari anampigia mama yake. Aliweka simu kwenye spika.

"Sema upesi," sauti ya Paula ilisema, vyombo vikigongana nyuma yake. "Nagawa chai kwa wazee, nitammwagia Bwana Machin."

"Weka birika chini kwanza, Mama."

"Nimeweka."

"Nimeingia chuo."

Kelele iliyotoka kwenye simu iliwafanya watu uani wageuke. Kitu kilianguka na kuvunjika. Halafu yakasikika makofi, machache, ya mikono mikavu, yakaongezeka, na katikati yake sauti ya mzee mmoja ikiuliza, "Kuna nini? Vita imekwisha?"

"Binti yangu ameingia chuo!" Paula alipiga kelele.

"Binti gani?"

"Wangu!"

"Basi keki iko wapi?" mzee alitaka kujua. "Mtu haingii chuo bila keki."

Tamsin alicheka mpaka akaegemea ukuta. Clive alimchukulia simu mkononi, akaisogeza mdomoni, na macho yake yalikuwa yamejaa kiasi kwamba hakuona anakozungumzia.

"Paula," alisema, "waambie inakuja."